Mpira si Chanjo

Dar es Salaam iliwahi kuwa na timu ya mpira iliyoitwa Sigara. Halikuwa jina la utani. Ilikuwa timu ya kiwanda cha sigara, na katika miaka ya 1990 ilicheza ligi moja na Simba na Yanga. Watu walisema bila kucheka kwamba Sigara imeshinda, Sigara imetoka sare, Sigara imefungwa. Miaka ya 1980, mashindano ya magari ya Safari Rally nchini Kenya yalibeba jina la Marlboro, na madukani kulekule kulikuwa na sigara inayoitwa Sportsman, yaani mwanamichezo. Uingereza nako, ubingwa wa dunia wa snuka ulidhaminiwa na sigara ya Embassy kuanzia 1976 hadi 2005.

Waliotoa fedha hizo hawakuwa wajinga. Walijua jambo ambalo sisi tunaofundisha vijana huwa tunalisahau: kijana hapendi mpira kwa sababu ya faida zake. Anaupenda, basi. Na mtu akitaka bidhaa yake ipendwe, hana njia fupi kuliko kuiweka karibu na kitu ambacho tayari kinapendwa bila kuulizwa sababu.

Dunia ilichelewa kuliona hilo, lakini iliona. Mwaka 1996, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 31 Mei, ilibeba ujumbe wa michezo na sanaa bila tumbaku. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulianza kutumika mwaka 2005, na Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Mkataba huo unazitaka nchi zipige marufuku matangazo na udhamini wa kampuni za tumbaku. Majina ya sigara yakaanza kufutwa kwenye fulana za wachezaji. Ila fulana haipendi kukaa tupu. Siku hizi vijana ninaowafundisha hapa Buigiri wamevaa fulana za mradi, na mgongoni zimeandikwa kwamba tumbaku inaua.

Maandishi hayo ni ya kweli. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na wengine kati yao hawakuwahi kuvuta hata siku moja, waliupata moshi wa wenzao. Lakini kila nikiwatazama vijana wakikimbia na maandishi yale mgongoni, swali hunijia. Wale waliutumia mpira kupitisha uongo, sisi tunautumia kupitisha ukweli. Je, ukweli unatosha kutuhalalishia? Au kuna kitu katika mtoto, na katika mchezo wenyewe, ambacho hakipaswi kutumiwa na yeyote, hata mwenye nia njema?

Kwa asiyepajua, Buigiri ipo wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, kilomita zipatazo 35 kutoka Dodoma mjini. Ni nchi ya mibuyu, ya uwele na mtama, na siku hizi ya zabibu pia. Mvua tunapata msimu mmoja tu. Mtama ukishavunwa, kijana asiye na ng'ombe wa kuchunga wala kibarua cha kwenda anabaki na miezi mirefu ya vumbi na jua. Mimi hukutana nao jioni, mara nne kwa wiki. Silipwi kwa kazi hiyo, na wala siilalamikii.

Tumbaku hapa ina njia mbili. Kwa wazee ni ugoro, unaokaa kwenye kikopo kidogo mfukoni, na mzee akikukaribisha kwake huenda akakunyooshea. Kwa vijana ni sigara ya kununua moja moja kibandani, na kiberiti unawashiwa bure. Kijana hahitaji fedha ya pakiti. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na wenye vibanda wengi wanalijua hilo. Lakini mtoto akifika dirishani na kusema "nimetumwa", mlango unafunguka. Mara nyingi ni kweli ametumwa. Baba yuko nyumbani, au mjomba yuko kijiweni, na mtoto anarudi na sigara mbili mkononi kama anavyorudi na chumvi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu watu 9 katika kila 100 wenye miaka 15 na zaidi nchini hutumia tumbaku ya aina fulani. Kwa wanaume ni karibu 15, kwa wanawake ni 3. Naomba msomaji azishike hesabu hizo mbili za mwisho, maana nitazirudia.

Sitaki nieleweke kwamba napinga michezo na ngoma kutumika kuwakinga vijana. Ushahidi upo. Mfano unaotajwa sana ni wa Iceland, kisiwa kidogo cha baridi kule Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1998, vijana 23 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wakivuta sigara kila siku. Mwaka 2016 walikuwa wamebaki 3. Waliofanya kazi ile hawakutegemea mahubiri shuleni. Waliongeza fedha za umma kwenye vilabu vya michezo, muziki na sanaa, na katika mji wa Reykjavik familia zilipewa fedha za kila mwaka kwa kila mtoto ili alipie mchezo au muziki anaoutaka. Wazazi walikubaliana kuwa karibu na watoto, na sheria ikaweka saa ya mtoto kuwa nyumbani usiku. Matangazo ya tumbaku na ya pombe yalipigwa marufuku.

Ninaposoma habari za Iceland sioni mpira peke yake. Naona watu wazima wakibadili mambo yao wenyewe: fedha zao, jioni zao, sheria zao. Mtoto hakuambiwa awe shujaa. Alizungushiwa maisha ambamo sigara ilikosa pa kukaa. Na mtoto wa kule aliyechagua kinanda alipewa kinanda kwa sababu alikitaka. Hakuna aliyemuuliza kama yuko katika hatari ya kuvuta.

Huku kwetu mambo huja kinyume. Mradi unakuja na fedha za afya, na fedha za afya lazima zionyeshe ugonjwa. Kwa hiyo mpira unaandikwa kwenye karatasi kama dawa, au kama chanjo. Na kitu kikishaitwa dawa, kinafuata taratibu za dawa: anatafutwa mgonjwa, anapimiwa kiasi, na asiyeumwa anaambiwa apishe.

Siku mipira ilipoletwa, ilikuja ya miguu peke yake, na fulana za wavulana. Msichana mmoja wa darasa la saba, ambaye hukimbia kuliko wavulana wengi wa umri wake, alikuja kusimama pembeni yangu.

"Kocha, na sisi?"

Nikamwambia kwamba awamu hii imeanza na wavulana, kwa sababu wao ndio wanaovuta zaidi.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo tukivuta na sisi tutaletewa?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameifuata hesabu mpaka mwisho wake, na hesabu ilikuwa sahihi. Kama mpira ni dawa ya tumbaku, na wanawake wanaotumia tumbaku ni 3 tu katika 100, basi pete ya netiboli ni matumizi mabaya ya fedha. Yule binti anayeamka alfajiri kufuata maji, anayetoka shule na kwenda kusaga, hana anachodaiwa na mradi, kwa kuwa tayari ni mzima. Wema wake umemnyima mpira.

Tuiendeleze hesabu hiyohiyo. Hapa Buigiri kuna shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1950. Mtoto asiyeona anaweza kucheza mpira wenye njuga ndani, anaufuata kwa sikio. Anaweza kupiga zeze na marimba, na anaweza kuimba. Ukinipa karatasi ya kuzuia tumbaku na kuniuliza kama mtoto huyo anastahili mpira wenye njuga, nitalazimika kutafuta takwimu za wasioona wanaovuta sigara. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba anastahili, na tunajua bila takwimu yoyote. Hapo ndipo ninapoona kwamba sababu iliyoandikwa kwenye karatasi si sababu yenyewe. Kuna sababu iliyo chini yake, na hiyo ndiyo inayobeba mzigo: mtoto ana haki ya kucheza kwa kuwa ni mtoto.

Mtu anaweza kusema nabishana na maneno tu, kwamba mradi mpira umefika, jina lake halina maana. Ningekubali kama majina hayangekuwa na nguvu ya kuondoa vitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, yale tunayoyajua kama UMITASHUMTA na UMISSETA, yaliwahi kusitishwa nchi nzima, yakaja kurudishwa baadaye. Walioyasitisha hawakuwachukia watoto. Waliona michezo inakula muda wa masomo. Ukishakubali kwamba mchezo upo kwa ajili ya kitu kingine, umekubali pia kwamba siku kitu kile kingine kikipata njia ya bei nafuu, au mtu akionyesha kwamba mchezo haukisaidii, mchezo uondoke. Mpira uliokuja kama dawa utakusanywa siku takwimu zitakaposema dawa haifanyi kazi.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi yangu, na niliipata kwa mzee mmoja jirani, mtu wa ugoro. Tulikuwa tumetoka kutazama kikundi cha vijana kikiimba na kucheza ngoma juu ya madhara ya tumbaku. Nilimkuta ameketi chini ya mti, kikopo chake mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wamenisema leo."

Nikamwambia hawakumtaja yeye, walikuwa wanawaelimisha vijana. Nikaongeza, kwa kuwa jambo hili lilikuwa linanisumbua, kwamba sina hakika kama ni sawa kuifanya ngoma kuwa tangazo.

Akacheka. "Ngoma ilinyamaza lini? Ngoma ya jando ilitufundisha. Wanawake na muheme wao walifundisha. Hata zeze linasema watu. Wewe unataka ngoma isiyosema kitu, hiyo umeiona wapi?"

Alikuwa na haki. Ugogo hakuna sanaa iliyojitenga na mafunzo. Wanawake wanaopiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, wanapiga kitu ambacho tangu zamani kimehusiana na kumkuza msichana kuwa mwanamke. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha sauti ya zeze na marimba ya Kigogo kwenye majukwaa ya dunia, hakutoka katika utamaduni unaosema kwamba muziki ni wa kusikiliza kimya na kwenda nyumbani. Kusema kwamba sanaa ikibeba funzo inachafuka ni mawazo ya watu wengine. Hayatuhusu sana.

Basi nikamuuliza, kama ngoma zote zinafundisha, hii ya leo ina tofauti gani na ile ya kwao?

Alivuta ugoro wake kwanza. "Ile ya kwetu haikutuchezesha ili tusifanye kitu. Ilituchezesha ili tuwe watu. Na aliyekufundisha ulikuwa unamwona kesho, na kesho kutwa, mpaka anazikwa."

Nimelibeba jibu hilo miezi mingi, na naona lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba ngoma ya zamani ilimkaribisha mtu mahali. Makatazo yalikuwepo, tena makali, lakini yalikuja pamoja na nafasi: sasa wewe ni mkubwa, una wenzako wa rika, una wajibu na una heshima. Katazo lilikuwa mlango wa kitu. Anayemwambia kijana asivute, halafu asimwonyeshe anakaribishwa wapi, amempa mlango usio na nyumba. Sehemu ya pili ni kwamba mwalimu wa jando alibaki. Alidaiwa. Kijana akiharibika, watu walimtazama na yeye pia. Mradi unafundisha miezi kumi na minane halafu gari linaondoka.

Kwa hiyo sidhani tena kwamba ubaya uko katika kuweka funzo ndani ya mchezo. Ubaya unaanza pale kitu kinapotolewa kwa sharti la funzo, na mtoaji hana mpango wa kubaki funzo likishindwa. Kampuni ya sigara haikumpenda mchezaji. Ilipenda macho yaliyokuwa yakimtazama. Sisi tunaovaa ukweli mgongoni tuna namna moja tu ya kuonyesha kwamba sisi si hao. Tujiulize: ungempa mtoto huyu mpira hata kama ungejua kwa hakika kwamba mpira hautamzuia kuvuta?

Swali hilo halikukaa kichwani tu. Lilikuja na sura ya kijana wa miaka 16.

Yeye huvuta. Alianza, kwa maneno yake, kwa kutumwa. Anayetumwa huwashiwa, na anayewasha huvuta kidogo ili isizimike njiani. Mchana anapakia na kushusha mizigo barabarani, na jioni anakuja uwanjani. Ni mlinzi wa kati mzuri kuliko wote nilio nao. Masharti ya mradi yalisema kwamba mshiriki awe hatumii tumbaku. Nilipewa karatasi ya kila kijana kutia saini, na yeye, kwa kuwa si mwongo, alikataa kutia.

Ningeweza kumwambia atie saini tu. Wengi wangefanya hivyo, na kwenye ripoti angehesabiwa kuwa kijana mmoja aliyekingwa. Ningeweza pia kumwambia aondoke. Lakini tazama maana ya kumwondoa. Kama mpira ni dawa, tumemfukuza mgonjwa kliniki kwa kosa la kuumwa. Kama mpira ni zawadi ya wenye tabia njema, tumeacha kukinga na tumeanza kuhukumu, na hukumu tumempa mtoto aliyefundishwa kuvuta na mkubwa aliyemtuma.

Mzazi mmoja alinipinga, na sikumwona kuwa mkorofi. Alisema mwanawe ana miaka 12, anamtazama yule mlinzi kama malaika, na akimwona anavuta atavuta. Hofu hiyo ni ya haki. Vijana huvuta kwa kuigana kuliko kwa kitu kingine chochote. Nilichofanya ni kuweka sharti la uwanja badala ya sharti la mtu. Uwanjani na kandokando yake havuti mtu yeyote: mchezaji, mtazamaji, mgeni rasmi, wala mzee wa kijiji. Sharti hilo linalinda pumzi ya mtoto wa miaka 12, na halimuulizi mtu yeye ni nani. Kijana alilikubali papo hapo. Waliosumbua ni watu wazima wawili.

Je, ameacha? Hajaacha. Anasema siku ya mechi havuti, kwa sababu kipindi cha pili miguu inamgomea. Hilo sikumfundisha mimi. Moshi wa sigara una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mlinzi anayekimbizana na mshambuliaji mwenye mapafu safi hulipata somo hilo bila ubao. Kijana mwingine anayepuliza filimbi katika kikundi cha ngoma aliniambia jambo linalofanana na hilo, kwamba sauti ndefu inamkatikia. Hapa ndipo naona mchezo na sanaa vinaweza kusema juu ya tumbaku bila kutumiwa na mtu. Mchezo una sababu zake wenyewe za kuikataa sigara. Mpira unataka pumzi, na filimbi inataka pumzi. Kocha akiwa mvumilivu, mpira utasema wenyewe, kwa wakati wake, kwa yule anayeupenda kiasi cha kusikia. Wengine hawatasikia. Nao waendelee kucheza.

Jambo jingine linanitia wasiwasi kuliko fulana, nalo ni namna tunavyowatwisha watoto mzigo wa wakubwa. Tanzania ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa tumbaku barani Afrika. Urambo, Kaliua, Sikonge, Chunya, Namtumbo, kuna familia zinazolipa ada za shule kwa jani hilo, na kuna watoto wanaolichuma kwa mikono mitupu, nikotini ikiwaingia kwa ngozi hata kama hawatavuta maisha yao yote. Kampuni ya sigara ni mlipakodi mkubwa. Sisemi haya ili kumlaumu mkulima wa Tabora. Nasema ili tuone kichekesho kilivyo kirefu: nchi nzima, pamoja na hazina yake, iko upande mmoja wa kamba, na upande wa pili tumemsimamisha mtoto wa darasa la sita mwenye fulana, tukamwambia avute kwa nguvu.

Tena wauzaji wenyewe wanaupenda mpango huo. Mwaka 1998 kampuni ya Philip Morris ilianzisha Marekani kampeni yake ya kuwaambia vijana wafikiri na wasivute. Watafiti waliofuatilia hawakuona imewapunguzia vijana hamu ya kuvuta. Kampuni haikupata hasara. Ilionekana njema, na mazungumzo yalibaki juu ya uamuzi wa mtoto, mbali na bei, kodi na mahali sigara zinapouzwa. Shirika la Afya Duniani limesema miaka yote kwamba kupandisha kodi na bei ya tumbaku ni miongoni mwa njia zenye nguvu kuliko zote za kupunguza uvutaji, hasa kwa vijana, ambao hawana fedha. Mpira hauwezi kushindana na sigara ya moja moja iliyo hatua ishirini kutoka golini. Mtu akinipa mpira ili asilazimike kwenda kuzungumza na mwenye kibanda, amenipa kitu cha kumfichia aibu.

Najua jibu la wenye miradi, na ni jibu la watu waungwana: fedha zilizopo ni za afya, za michezo hazipo. Mkono mtupu haulambwi. Ukikataa kuuita mpira kinga, watoto hawatapata mpira wowote. Nadhani kuna njia ya kupita hapo bila uongo, na sisi watu wa nchi kavu tunaijua. Serikali ikichimba kisima kwa fedha za kuzuia kipindupindu, kisima kinachimbwa kweli na kipindupindu kinazuiwa kweli. Lakini anayekuja na ndoo haulizwi kama angeugua. Anakunywa kwa sababu ana kiu. Msichana anakunywa, asiyeona anakunywa, mlevi anakunywa. Na kipindupindu kikiisha, hakuna anayekuja kufukia kisima. Sababu ya mtoaji na sababu ya mnywaji ni mbili, na zote ni za kweli, mradi ya mtoaji isisimame kisimani na rungu.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti. Palipoulizwa idadi ya vijana waliokingwa na tumbaku, niliandika kwamba vijana 43 wanacheza, wavulana na wasichana, kwamba mmoja ninayemjua anavuta na bado anacheza, na kwamba sigara ambayo haikuvutwa sina namna ya kuihesabu. Niliomba pete mbili za netiboli. Sijajibiwa. Huenda mipira ikaisha na isije mingine, na vijana watarudi kwenye chandimu, mpira wa matambara na mifuko ya plastiki uliofungwa kamba, kama tulivyocheza sisi. Nitakuwepo uwanjani jioni zilezile nne.

Kwa watu wazima wa Buigiri nimepeleka ombi moja tu, ambalo halihitaji mfadhili. Usimtume mtoto sigara, wala ugoro. Nenda mwenyewe. Mwenye kibanda akijua kwamba hakuna mtoto anayetumwa, neno "nimetumwa" litakoma kufungua mlango, na sheria ya mwaka 2003 itapata miguu hapa kijijini bila polisi hata mmoja. Baadhi wamekubali. Wengine wameniambia kwamba mtoto kutumwa ndiyo heshima yenyewe, ndivyo walivyolelewa.

Babu wa ugoro nilimfikishia ombi hilo chini ya mti wake. Akaniambia ni jambo zuri, ila magoti yanamuuma, na kibanda kiko mbali. Nikamwambia ukiisha aniite mimi, nitakwenda kumnunulia, mradi asiwatume wajukuu. Akanitazama kwa muda.

"Wewe unayepinga tumbaku."

"Ndiyo, babu."

Juzi aliniita. Nikaenda.